Alama Nne za Kujumlisha

Agnella Ligamba hakuwahi kumuua mtu, na kama mwezi ule wa Juni 1999 ungemwambia kwamba angemuua baba yake mzazi kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, angekucheka, kisha angekuomba uondoke mezani kwake kwa sababu ana kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa jarida. Mradi wa mbegu za mpunga pale Ifakara ulikuwa ukilichapa kwa mashine ya stensili tangu zamani, kurasa nne zenye picha: mbegu nzuri, mbegu mbaya, panya wa shambani, afisa kilimo akicheka. Likishachapwa lilifungwa kamba na kupakiwa kwenye basi la Kidatu, na mara nyingi lilifika huko likiwa na mawaidha ya kupanda wakati watu wanavuna. Mwaka ule mradi ukapata kompyuta, modemu na laini ya simu, na mkuu wa ofisi, Bwana Telesphory, akatangaza kwamba kuanzia sasa jarida litasafiri kwa barua pepe. Neno lenyewe alilitamka taratibu, kama mtu anayeonja mboga ya moto.

Agnella ndiye aliyekuwa katibu muhtasi, kwa hiyo ndiye aliyekuwa jarida. Toleo la kwanza alilipamba kwa picha tatu. Modemu ililia dakika arobaini, laini ikakatika mara nne, na jioni ikaandika kwamba ujumbe umekwenda. Kesho yake Osward, karani wa chama cha wakulima wa miwa kule Kidatu, akapiga simu.

"Dada Agnella, jarida limefika. Ila lugha yake ngumu."

"Ngumu vipi?"

"Herufi tupu. M, M, nane, alama ya mshangao, M tena. Nimeshachapa kurasa thelathini na moja na bado zinakuja. Nimebandika zile za mwanzo kwenye ubao, nikasema labda wataalamu wataelewa."

Huyo alikuwa panya. Picha yake ilikuwa imegeuzwa herufi ili ipite kwenye waya, na kule Kidatu hapakuwa na cha kuigeuza irudi kuwa panya. Nassib, fundi wa kompyuta aliyekaa Dar es Salaam na kuwahudumia kwa simu, alimweleza bila huruma. "Dada, picha hazipiti. Zikipita, mwenzako hana cha kuzifungulia. Tengeneza jarida kama vile picha haijawahi kuzaliwa duniani. Na usiandike 'tazama picha', maana hakuna wa kutazama."

Mwingine angerudi kwenye stensili. Agnella alikuwa na ugonjwa wa unadhifu. Kupiga chapa alifundishwa na masista, na kwa masista mstari uliopinda ulirudiwa mpaka unyooke. Akaanza upya, peke yake, kwa kujaribu na kukosea. Aligundua kwamba mstari ukizidi herufi sabini, kompyuta ya mwenzako inaukata inapotaka yenyewe, "mpu" ibaki huku na "nga" iangukie chini. Hapakuwa na herufi nene wala za mlalo. Ukitaka kupaza sauti ulitumia herufi kubwa, na ukizitumia kila mahali hakuna anayekusikia. Nafasi alizihesabu moja moja kwa kidole. Jambo zito aliliweka juu, kwa sababu msomaji wa ubaoni husoma amesimama, na aliyesimama ana haraka. Na pale alipokaa panya aliandika: "Huyu ana mkia mfupi kuliko mwili na meno ya rangi ya chungwa. Ukimwona mmoja mchana, wenzake ishirini wako shimoni." Siku aliyokuwa akijisomea maneno hayo kwa sauti, mama mmoja wa Namawala aliyefuata mbegu alisimama mlangoni akasema, "Huyo huyo ndiye aliyemaliza shamba langu." Agnella alitembea na sifa hiyo wiki nzima. Hakuna picha yake iliyowahi kutambuliwa upesi hivyo.

Toleo la pili likafika Kidatu zima zima, na Osward akasema sasa hata mkewe analielewa. Toleo la tatu ndilo lililomuua mzee.

Toleo hilo lilikuwa la mkulima bora wa mwaka, na kamati ilimchagua Mzee Ponsiano Ligamba wa Katindiuka, baba yake Agnella. Agnella aliomba habari hiyo iandikwe na mtu mwingine, watu wasije wakasema. Bwana Telesphory akamjibu kwamba mpunga haujui nani ni baba wa nani. Kwa hiyo Agnella akabaki na picha mkononi: mzee kavaa koti lake la Jumapili, kashika mganda wa mpunga kwa mikono miwili, anacheka kwa aibu. Akajaribu kuiandika kama alivyomwandika panya, na akashindwa. Utamwelezaje baba yako? Mzee mwembamba, masikio makubwa? Alifuta mara sita. Mwishowe akaamua kwamba sura isiyopita iachiwe nafasi yake ya heshima, akachora fremu. Vistari kwa mlalo, mistari ya kusimama pembeni, na kwenye kona, ambapo mistari lazima ikutane, akagonga alama ya kujumlisha. Ndani akaweka jina, na chini ya jina miaka ambayo mzee amelima shamba lake mwenyewe, tangu alipopewa na baba yake mwaka 1949.

+--------------------------+
|  MZEE PONSIANO LIGAMBA   |
|       1949 - 1999        |
+--------------------------+

Juu ya fremu, baada ya nafasi kubwa tupu ya heshima iliyoishusha karibu na mwisho wa ukurasa, aliandika mistari miwili: "Bonde zima linamshukuru mzee huyu kwa miaka hamsini ya kazi. Ametuachia mfano." Chini yake, mahali ambapo maelezo ya picha hukaa siku zote, akaandika kwa herufi kubwa MKULIMA BORA WA MWAKA, na habari yote ikafuata. Akachapa nakala yake, akaitazama kwa mbali. Kona zote nne zilikutana sawasawa. Alhamisi saa tisa mchana akaituma.

Sasa inabidi umjue Gaudensi, maana bila yeye ile ingekuwa kichekesho cha ofisini tu.

Gaudensi alikuwa kaka yake Agnella, mtoto wa kwanza wa mzee, na alikata miwa Kidatu mpaka akawa msimamizi wa wakataji. Mama yao alifariki Aprili ya mwaka 1990, mvua zimevunja madaraja na barabara imegeuka mto. Mzee alizika siku ya pili. Gaudensi alifika siku ya tano, sehemu kubwa ya njia ameikata kwa miguu, matope mpaka kifuani, akakuta tuta la udongo na msalaba wa mti mbichi. Alisema neno moja tu, "Mngeningoja." Na mzee, ambaye siku hiyo hakuwa na machozi wala busara, akamjibu, "Maiti hangoji mtu." Gaudensi hakuingia ndani. Maji aliyoletewa hakuyanywa. Alisema msiba mwingine ukitokea nyumba hii, yeye atafika kabla ya udongo, kisha akageuka na matope yake. Miaka tisa ilipita. Kila Krismasi alimwandikia Agnella barua, na katika barua zote hizo hapakuwa na salamu ya baba. Mzee naye jina la Gaudensi hakulitamka. Akitaka kumuulizia alisema, "Barua za huko zinakuja?" na Agnella akijibu zinakuja, mazungumzo yaliishia hapo.

Jumamosi asubuhi baba na binti walikuwa uani, mpunga umeanikwa kwenye maturubai, mzee anafukuza bata kwa fimbo na kuwatukana kwa Kindamba. Saa nne ilikuwa imepita kidogo. Kilio kikasikika upande wa barabarani, sauti ya mwanamke, ya juu, inayokuja huku ikipanda.

Mzee aliweka fimbo chini. "Kuna msiba."

"Utakuwa wa kina Margareta," Agnella alisema. Bibi wa kina Margareta, majirani zao, alikuwa mgonjwa.

"Wawe wao wasiwe wao, hatukai hapa watu wakilia njiani. Chukua khanga." Mzee aliingia ndani akatoka na koti la Jumapili, akalivaa juu ya shati la kazi, akaenda njiani kuwapokea wafiwa, kama alivyofanya maisha yake yote.

Lilikuwa lori la kubebea miwa. Lilipinda kutoka barabarani, likapita njia ya kina Margareta, likaja moja kwa moja uani kwa Mzee Ponsiano na kusimama mbele ya mpunga, injini ikiunguruma. Nyuma walikuwapo wanaume kama kumi na wawili wenye mabuti ya mpira, na katikati yao jeneza jipya la mninga, na juu ya jeneza, amelilalia kifudifudi, shangazi Aurelia, dada yake mzee, muuza samaki wa sokoni, waliyempitia njiani, ndiye aliyekuwa akilia. Agnella alidhani wamepotea njia. Kwamba shangazi yake yumo, hilo akili yake ilikataa kulipokea kwanza.

Kijana mmoja mrefu, Msukuma kwa lafudhi, akaruka chini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni sana, wanangu. Mmefiwa na nani?"

"Baba yake kaka Gaudensi. Kaka mwenyewe yumo kwenye kabini. Samahani mzee, nyumba ya marehemu ndiyo hii?"

Mzee Ponsiano aligeuka akaitazama nyumba yake, bati, mlango, bata.

"Ndiyo hii," alisema.

Na kwa kuwa mikono ilikuwa imeshazoea kazi hiyo kuliko kichwa, alishika kona ya jeneza lililokuwa likishushwa, akasaidia. Agnella alimwona baba yake akibeba jeneza la baba yake. Hakupiga kelele. Aliketi tu juu ya turubai katikati ya mpunga, na kwa muda mfupi, ambao baadaye aliuonea haya, alitazama miguu ya mzee kuhakikisha inakanyaga chini.

"Mbona jepesi?" mzee aliuliza.

"Ni tupu, mzee. Tumeambiwa marehemu bado yuko ndani."

Shangazi Aurelia, aliyebaki juu ya lori jeneza liliposhushwa, alikuwa ameinua kichwa ili alie vizuri zaidi. Akamwona kaka yake. Alinyamaza katikati ya jina lake, mdomo wazi, na mkono aliokuwa ameuweka kichwani ukabaki huko huko. "Kaka," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Jumatano si ulichukua kambale kwangu?"

Hapo mlango wa kabini ukafunguka.

Gaudensi alikuwa amenenepa, mvi zimeanza pembeni, na alijifunika taulo kichwani kama mfiwa mkubwa. Alishuka akiangalia ardhi. Alipoinua macho, aliyekuwa mbele yake ameshika jeneza ni baba yake, koti la Jumapili na yote. Watu wengi huzungumzia mshtuko bila kuujua. Gaudensi hakupiga ukelele wala hakukimbia. Rangi ilimtoka usoni, taulo likamwanguka, na yeye hakuliona. Wale vijana waliokuja naye waliutazama uso wake, wakautazama wa mzee, wakaona masikio ni yale yale, na kumi na wawili wote wakarudi nyuma hatua moja bila kuambizana.

Mzee naye hakuwa na habari ya jeneza tena. Yeye alishtushwa na mtu aliyetoka kabini.

"Gaudensi," alisema. Agnella hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwa baba yake kwa miaka tisa.

"Uko hai," Gaudensi alisema.

"Niko hai."

"Unajua nilivyolia, baba? Unajua?" Sauti ilianza chini, ikawa inapanda. "Jana mchana mbele ya wafanyakazi wangu nimelala chini nikalia. Fundi nimemsimamia mpaka akamaliza. Hatujasimama njiani hata kula. Kumbe mmenitega. Mmeona mtoto haji kwa heri, mkasema atakuja kwa kifo."

"Kukutega?" Mzee alimtazama Agnella, Agnella akamtazama shangazi. Gaudensi alichomoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, akairusha, ikaangukia mpunga mbele ya magoti ya dada yake.

Agnella aliifungua. Juu kabisa, kwa peni ya buluu, mwandiko wa Osward wenye mikia mirefu, paliandikwa TANZIA. Chini ya mwandiko ule ilikuwa kazi yake mwenyewe. Bonde zima linamshukuru mzee huyu. Ametuachia mfano. Kisha fremu, jina, miaka miwili na kistari katikati. Kisha hakuna kitu. Printa ya Kidatu ilikata karatasi mapema kuliko ya Ifakara, na mkulima bora, pamoja na sifa zake zote, akaangukia ukurasa wa pili, ambao Osward hakuubandika kwa sababu ukurasa wa kwanza ulijitosheleza. Agnella alizitazama zile kona. Tangu Alhamisi aliziona alama za kujumlisha. Sasa aliona misalaba minne, wima, imelisimamia jina la baba yake kila upande, na kadiri alivyokodoa macho kuitafuta ile hesabu ya mwanzo, ndivyo alivyozidi kuona makaburi.

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na aliuona. Jarida halikuwa na jina la mwandishi. Lile neno lenye kuua aliliandika Osward kwa peni yake, karani mwema aliyedhani mwenzake amesahau kichwa cha habari. Ingetosha kusema, "Ni Osward." Ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Lakini alijua kama angelitupa kosa Kidatu, Gaudensi angerudi huko huko kumtafuta Osward, na asingerudi tena hapa.

"Ni mimi," alisema. "Kaka, hii nimeiandika mimi. Baba hajui chochote. Nilikuwa namsifu."

"Unamsifu kwa misalaba?"

"Si misalaba. Ni alama ya kujumlisha. Picha haipiti kwenye kompyuta, kwa hiyo nikachora fremu, na mistari ikikutana kwenye kona ndivyo inavyofungwa."

"Na miaka? Nilijua amezaliwa kabla ya arobaini na tisa. Nikasema wamekosea mwaka, watu wa ofisi hawajui kitu. Mtu hai anaandikwa mpaka lini anaishi?"

"Ni miaka ya kulima."

Yule kijana wa Kisukuma alikohoa kwa adabu. "Dada, mimi si Mkristo, lakini hata mimi niliona misalaba."

Agnella aliinuka akaingia ndani, akatoka na nakala yake na ile picha. Aliusoma ukurasa wa pili kwa sauti mbele ya watu wote: mkulima bora wa mwaka, ekari tatu, mbegu alizozichagua kwa mkono, majirani aliowafundisha. Gaudensi aliipokea karatasi, akaisoma yeye mwenyewe kuanzia mwanzo, kisha akaitazama picha kwa muda mrefu. Hasira ilimshuka mabegani waziwazi, na Agnella akavuta pumzi ya kwanza tangu lori lisimame.

"Kwa hiyo si mtego," Gaudensi alisema.

"Si mtego, kaka. Naapa."

"Baba hakutaka nije."

"Hakujua kabisa."

"Basi hakuna aliyeniita." Alimrudishia picha polepole. "Afadhali ungekuwa mtego. Mtego ni wa mtu anayekutaka. Hii ni kompyuta tu imekosea mistari." Akawageukia wenzake. "Pakieni. Samahani, ndugu zangu, nimewapotezea siku."

Agnella alifungua kinywa akakuta hamna kitu. Yeye ambaye kwa miezi mitatu alijifunza kuyafanya maneno yabebe kila kitu, mpaka meno ya panya, hakuwa na hata moja la kumzuia kaka yake. Alishtuka kuliko alivyoshtuka kwa lori. Alikuwa amesema kweli tupu, na kweli ndiyo iliyokuwa ikimwondoa. Shangazi Aurelia alianza kulia upya, safari hii bila sauti.

Vijana walikuwa wameshaliinua jeneza upande mmoja, wamelisimamisha wima dhidi ya bodi ya lori ili walisukumie ndani, mzee aliposema, "Ngojeni."

Alilisogelea. Aliupapasa ubao, akagonga kwa kidole kusikia unene, kama afanyavyo mtu aliyewahi kuzika wengi. Halafu akafanya jambo lililowafanya wale vijana watazame pembeni: aligeuka, akalipa mgongo jeneza, akasimama wima amelikaribia, visigino vimegusa mbao.

"Agnella, nitazame. Juu ya kichwa changu pamebaki kiasi gani?"

Agnella alikwenda akapima kwa mkono. "Shubiri mbili, baba. Na zaidi kidogo."

"Fundi huongeza vidole vinne." Mzee alimgeukia mwanawe. "Kipimo ulimpa wewe?"

"Mimi."

"Ulikitoa wapi?"

"Kichwani," Gaudensi alisema. "Nilisimama karakana nikamwonyesha fundi kwa mkono. Nikamwambia baba yangu akipita mlangoni huinama."

Wote waliutazama mlango wa nyumba, na mzee aliyesimama pale, ambaye kwa muda mrefu sasa hakuhitaji kuinama.

"Siku ile nilikwambia maiti hangoji mtu," mzee alisema. "Mama yako angengoja. Angekungoja hata wiki. Mimi ndiye nilishindwa. Niliogopa kukaa naye ndani siku ya tatu amenyamaza, na wewe hukuwapo wa kukaa na mimi. Ulipofika nikaona haya, nikakutukana. Tangu siku hiyo naona haya. Nilitaka kukuita kila msimu, nikawa nasema mpunga ukitoka."

Injini ya lori ilikuwa inaunguruma. Gaudensi alimsogelea baba yake, akaweka kiganja juu ya utosi wake, kama tunavyompima mtoto kwenye kizingiti, na kile kiganja kikabaki usawa wa kifua chake mwenyewe, chini sana ya mahali alipomwonyesha fundi.

"Baba," alisema, na uso wake ulikuwa umeshtuka kuliko aliposhuka kabini, "umekuwa mfupi lini?"

"Ulipokuwa Kidatu," mzee alijibu.

Gaudensi alishusha kiganja. Kisha akaenda kwenye kabini, akatoa mfuko wake, akamwambia dereva azime gari watu wanywe maji.